Kidonda cha Mdomoni Kisichofunga: Namna Saratani Inavyojiotesha Mishipa ya Damu

NDUGU msomaji, bila shaka umewahi kujing'ata ulimi wakati wa kula. Damu ikatoka, ukasukutua kwa maji ya chumvi, siku mbili tatu ukawa unakwepa pilipili na chai ya moto, kisha ukasahau. Baada ya wiki moja au mbili, hata ukichukua kioo kutafuta mahali ulipojing'ata hupaoni. Hakuna sehemu nyingi za mwili zinazopona kwa haraka namna hiyo. Jeraha la mguuni lenye ukubwa huo huo huacha kovu la miaka, lakini la mdomoni mara nyingi hufuta hata alama yake.

Leo tunataka tuizungumzie hali hiyo ya kupona, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri ya ugonjwa tunaokusudia kuueleza, nao ni saratani ya kinywa, koo na shingo. Wengi wetu tumezoea kuidhania saratani kuwa ni mdudu aliyeingia kutoka nje, au sumu, au jambo la kurogwa. Kwa hakika saratani hii inatumia amri zile zile ambazo mwili huzitumia kufunga kidonda, ila yenyewe inazitumia bila ya kikomo. Ukilifahamu jambo hili utaelewa kwa nini kidonda cha mdomoni kilichozidi wiki tatu si cha kusubiriwa, na kwa nini baadhi ya dawa zinazouzwa mitaani haziwezi kufanya kazi inayosemwa.

AMRI ZA KUPONA

Ngozi laini ya ndani ya kinywa inapochanika, vishipa vidogo vya damu hukatika. Damu huganda, na ndani ya bonge hilo la damu mna chembe sahani, ambazo kazi yake si kuziba tundu peke yake. Chembe hizo humwaga protini ndogo ndogo ambazo wataalamu wanaziita vichocheo vya ukuaji. Kila kichocheo ni ujumbe. Kimoja huziambia seli za ngozi zigawanyike na kuongezeka ili zifunike pengo, kingine huziita seli zinazosuka nyuzi za kuunganisha nyama, na kingine huviambia vishipa vya damu vya jirani vichipue matawi mapya kuelekea kwenye jeraha. Ile nyama nyekundu, laini, yenye vijichembe, unayoiona kwenye kidonda kinachopona vizuri, wekundu wake ni wa hivyo vishipa vipya. Kazi ikimalizika, ujumbe hukoma, vishipa vya ziada hunywea, na wekundu hufifia.

Huenda utashangaa ukiambiwa kuwa mojawapo ya vichocheo hivyo kiligunduliwa katika mate. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa kemia ya viumbe wa Marekani aitwaye Stanley Cohen alikuwa akifanya kazi pamoja na Bi Rita Levi-Montalcini, Mtaliano, wakichunguza majimaji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya. Cohen aliwadunga watoto wa panya majimaji hayo akaona jambo ambalo hakulitarajia. Kwa kawaida mtoto wa panya hufungua macho akiwa na siku kama kumi na tatu au kumi na nne, lakini wale waliodungwa waliyafungua wakiwa na wiki moja tu, na meno yao yakatoka mapema. Mtu mwingine angelipuuza jambo hilo. Yeye aliling'ang'ania mpaka akaipata protini yenyewe inayoiharakisha ngozi kukua, nayo ikapewa kifupi cha herufi EGF. Mwaka 1986 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Protini hiyo imo pia katika mate ya binadamu, nayo ni miongoni mwa sababu zinazosaidia majeraha ya kinywa kupona upesi. Kwa hiyo mnyama anayelamba kidonda chake hafanyi upuuzi, ingawa sisi hatushauri mtu alambe chake, kwani mate yamejaa vijidudu.

Sasa, ujumbe hauna maana kama hakuna wa kuupokea. Juu ya kila seli ya ngozi kuna vipokezi, mfano wa vitasa vya mlango, na kichocheo ni ufunguo. Ufunguo ukiingia kwenye kitasa, seli hupata amri ya kugawanyika. Seli yenye afya ina vitasa vya kiasi, na ufunguo ukiondoka mlango hujifunga. Katika saratani nyingi za kinywa na koo, wataalamu wamekuta seli zikiwa na vitasa vya EGF kupita kiasi. Kwa hesabu zinazotolewa mara kwa mara, ni katika saratani nane hadi tisa kati ya kila kumi. Seli za namna hiyo husikia amri hata pale ujumbe unapokuwa hafifu. Nyingine hujitengenezea ufunguo zenyewe na kujifungulia mlango usiku na mchana.

Hivyo ndivyo inavyoanza, seli moja kati ya maelfu kukataa kunyamaza baada ya kazi ya kupona kwisha. Lakini kuongezeka peke yake hakutoshi kumdhuru mtu, na hapa ndipo tunapofika kwenye mishipa ya damu.

MJI USIO NA BOMBA LA MAJI

Fikiria watu wamevamia kiwanja na kujenga vibanda. Vikiwa vitano au sita, wanaweza kuchota maji kwa ndoo katika bomba la jirani. Vikifika mia, ndoo hazitoshi, na ama mji huo usimame hapo ulipo, ama wachimbe mtaro waunganishe bomba lao. Seli za mwili nazo ni hivyo hivyo. Oksijeni na chakula vinavyotoka kwenye kishipa cha damu hufika umbali mdogo sana, kiasi cha sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hukosa hewa ikafa.

Aliyeliona jambo hili katika saratani ni daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika utumishi wa jeshi la wanamaji, yeye na mwenzake walikuwa wakitafuta kitu cha kutumika badala ya damu katika safari ndefu za meli. Wakawa wanapitisha majimaji yao ndani ya tezi za wanyama zilizotolewa mwilini ili waone kama zitaendelea kuishi, kisha wakapandikiza humo seli za saratani ya panya. Uvimbe ulikua mpaka ukafika milimita moja au mbili, ukakoma hapo. Haukufa. Uvimbe huo huo uliporudishwa ndani ya panya aliye hai ulikua kwa kasi kubwa. Tofauti ilikuwa moja: ndani ya panya uvimbe ulipata mishipa mipya ya damu, na katika ile tezi iliyotengwa haukupata.

Mwaka 1971 Folkman aliandika katika jarida kubwa la tiba la Marekani kwamba uvimbe wa saratani hutoa kitu kinachoiamuru mishipa ya jirani ichipue, na kwamba kama kitu hicho kingezuiwa uvimbe ungebaki mdogo mfano wa kichwa cha pini. Wenzake wengi hawakumwamini. Walisema wekundu unaoonekana kwenye uvimbe ni mwasho tu wa kawaida. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kupata ushahidi. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak walitoa kwenye uvimbe protini inayoifanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitenga protini inayoiotesha mishipa. Baadaye ikabainika kuwa ni protini moja. Siku hizi inaitwa kwa kifupi VEGF, na ndicho kichocheo kikuu cha uotaji wa mishipa ya damu.

Seli hujuaje kuwa sasa ni wakati wa kutoa kichocheo hicho? Hujua kwa kukosa hewa. Kila seli ya mwili ina namna ya kupima oksijeni iliyonayo; ikipungua, amri hutolewa ya kuita mishipa. Waliofafanua utaratibu huo, Gregg Semenza na William Kaelin wa Marekani na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Ni utaratibu mwema uliowekwa kwa ajili ya kidonda, kwa moyo, na kwa mtu anayeishi milimani. Saratani haikubuni kitu kipya.

Tunarudi kwa Dvorak, kwa sababu mwaka 1986 aliandika maneno ambayo yanafaa kukumbukwa na kila mwenye kinywa. Alisema uvimbe wa saratani ni kidonda kisichopona. Kwa Kiswahili tunalo neno kidonda ndugu, yaani kile kinachokaa na mtu mpaka akakizoea. Dvorak alilinganisha uvimbe na jeraha chini ya hadubini akaona vitu vile vile: mishipa inayovuja, damu iliyoganda, nyuzi, na vishipa vipya. Tofauti ni kwamba katika jeraha kazi hufika mwisho, na katika uvimbe haifiki.

MISHIPA ILIYOJENGWA OVYO

Ikumbukwe kuwa mishipa ya saratani si mishipa mizuri. Imejengwa kwa haraka kama nyumba isiyo na msingi. Imepinda, mingine haina mwisho, kuta zake zina matundu. Kutokana na ubovu huo tunaweza kueleza dalili nyingi ambazo mgonjwa huziona bila kujua maana yake. Kidonda kinachotoka damu ukikigusa kwa mswaki au kwa mkate mkavu, bila ya kuwa umejiumiza, huenda ni vishipa hivyo dhaifu vinavyopasuka. Uvimbe unaojaa maji ni mishipa inayovuja. Harufu mbaya isiyoondoka kwa kupiga mswaki hutokana na nyama ya ndani ya uvimbe iliyokosa hewa ikafa na kuoza, kwa sababu mishipa ni mingi lakini haifikishi damu kila mahali.

Aidha, mishipa yenye matundu ni njia ya kutokea. Seli za saratani hupenya zikaingia katika damu na katika mirija ya limfu. Kwa saratani ya kinywa na koo kituo cha kwanza kwa kawaida ni tezi za shingoni. Ndiyo maana watu wengi huanza kushtuka wanapoona kinundu shingoni, kigumu, kisichouma, kumbe chanzo chake ni kidonda kidogo nyuma ya ulimi ambacho hawakuwahi kukiona.

Na hili la kutouma ndilo linalowadanganya wengi. Vidonda vya kawaida vya mdomoni, vile vyeupe vidogo vinavyokuja na kuondoka, huuma sana tangu siku ya kwanza. Cha saratani mwanzoni mara nyingi hakiumi. Maumivu huja baadaye, pengine yakipanda mpaka sikioni, mtu akaenda kutafuta dawa ya sikio.

TUMBAKU, POPOO NA VIRUSI

Ama kuhusu chanzo, tumbaku ndiyo inayoongoza, iwe ya kuvuta au ya kutafuna, na pombe huzidisha madhara yake mara nyingi. Tumbaku ya kutafuna hapa kwetu ina majina mengi: ugoro, kuberi, na ile inayotiwa ndani ya tambuu. Baadhi ya wazee wetu hudhani kuwa kwa kuwa hawavuti sigara wao wamesalimika, na tambuu ni heshima ya harusi. Msomaji, chunguza unachokifunga ndani ya jani. Mwaka 2004 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa kwamba popoo yenyewe, hata bila ya tumbaku, husababisha saratani. Kabla ya saratani, popoo huifanya ngozi ya ndani ya mashavu ikakamae kama kamba, mpaka mtu ashindwe kupanua kinywa. Jipime: kama vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa haviingii kati ya meno ya juu na ya chini, na wewe ni mtafunaji, nenda kwa daktari.

Tumbaku huharibu vinasaba vya seli, jambo linalofahamika na wengi. Lisilofahamika na wengi ni hili linalohusu somo letu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha katika wanyama kuwa nikotini, yaani kile kilevi cha tumbaku kinachomfanya mtu ashindwe kuacha, huchochea uotaji wa mishipa mipya ya damu na kuusaidia uvimbe kukua. Kwa hiyo mtu aliyekwishapata saratani na akaendelea kuweka ugoro kwenye fizi asiseme kuwa maji yamekwisha mwagika. Anaweza kuwa anaulisha.

Lakini tusimhukumu kila mgonjwa. Wapo wasiowahi kugusa tumbaku wala pombe. Saratani ya sehemu ya nyuma ya koo na ya tonsili huweza kuletwa na virusi vya HPV, ambavyo ndivyo hivyo hivyo vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi. Saratani ya nyuma ya pua inahusiana na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 London, katika nyama iliyopelekwa kutoka Uganda, iliyotolewa kwa watoto wenye uvimbe wa taya ulioelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa hospitali ya Mulago. Hao wote hawakujitakia, na jirani anayeuliza "alikuwa akifanya nini" hamsaidii mgonjwa.

KUIKATIA SARATANI NJIA

Baada ya kujua kuwa saratani hutegemea vichocheo na mishipa, wataalamu walijaribu kuvizuia. Dawa iitwayo setuksimabu huziba vile vitasa vya EGF tulivyovitaja. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 424 wa saratani za kichwa na shingo. Waliopigwa mionzi pamoja na kupewa dawa hiyo, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 49. Waliopigwa mionzi tu, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 29. Yalikuwa mafanikio ya kweli. Hata hivyo, tafiti mbili zilizotolewa mwishoni mwa mwaka 2018 zilionyesha kuwa kwa saratani ya koo inayotokana na HPV, dawa ya zamani ya sisplatini ni bora kuliko hiyo mpya. Si kila kipya ni bora.

Kwa upande wa mishipa, dawa ya bevasizumabu inayoikamata VEGF iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Matumaini yalikuwa makubwa kuwa itafaa pia kwa kinywa na koo. Matokeo ya utafiti mkubwa, wa wagonjwa 403, yalichapishwa mwaka 2019: waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa za kawaida hawakuishi kwa tofauti ya kutosha kuthibitishwa, na waliotokwa na damu kwa kiwango cha hatari walikuwa karibu saba katika kila mia, dhidi ya pungufu ya mmoja katika kila mia kwa wale wasioipata. Shingo ni mahali penye mishipa mikubwa iendayo kwenye ubongo, na kuiharibu mishipa ya uvimbe ulioegemea hapo si jambo la mchezo.

Lipo na funzo jingine lililowashangaza madaktari wenyewe. Mionzi inahitaji oksijeni ili iue seli ya saratani sawasawa. Seli iliyokosa hewa huhitaji kiasi cha mionzi mara mbili na nusu hadi mara tatu. Kwa hivyo ikaonekana kuwa mgonjwa mwenye upungufu wa damu aongezewe damu kwa kichocheo kinachouamsha uboho, kiitwacho erithropoietini, ili uvimbe upate hewa na mionzi ifanye kazi vizuri. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 351 wa saratani za kichwa na shingo: damu yao iliongezeka kweli, lakini saratani ikawashinda zaidi kuliko wale wasiopewa. Kichocheo cha ukuaji ni kichocheo tu, na ukikitia mwilini mwa mwenye saratani huwezi kuwa na hakika nani atakitii.

Tumelieleza hilo kwa makusudi, kwa sababu mitaani kuna dawa nyingi za kuongeza damu na kinga zinazouzwa kwa wagonjwa wa saratani. Usimpe mgonjwa wako kitu kama hicho kabla ya kumuuliza daktari anayemtibu. Lakini jambo la oksijeni lina faida moja isiyo na gharama. Moshi wa sigara una hewa ya sumu inayokaa mahali pa oksijeni ndani ya damu. Mgonjwa anayevuta sigara katika wiki za mionzi anaupunguzia uvimbe oksijeni na kuyapunguza mafanikio ya tiba yake mwenyewe.

Na papa? Watu wa mwambao tunamla papa tangu zamani, mbichi na mkavu, kwa hiyo tuliposikia kuwa gegedu la papa linauzwa kwa bei kubwa ng'ambo kama dawa ya saratani, baadhi yetu tulicheka na wengine wakaamini. Habari hiyo ilikuwa na asili. Gegedu halina mishipa ya damu, na mwaka 1983 Robert Langer na Anne Lee wa Marekani walionyesha kuwa gegedu la papa lina kitu kinachozuia mishipa isiote. Kutoka hapo wafanyabiashara wakaruka mpaka kwenye vidonge, na mwaka 1992 kikatoka kitabu kilichodai kuwa papa hapati saratani. Kwanza, papa hupata, zimeandikwa nyingi. Pili, protini ukiimeza huvunjwa tumboni kama nyama nyingine yoyote. Tatu, dawa iliyotengenezwa kwa gegedu la papa ilipopimwa kwa wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, haikurefusha maisha yao. Kula papa wako kwa nazi, ni chakula kizuri. Usimnunue katika chupa.

KISU, CHALE NA HIJAMA

Limebaki jambo ambalo tunaliona kuwa zito kuliko yote tuliyoyataja. Wapo wagonjwa wengi wanaokataa kukatwa kinyama cha kupimwa, kwa kuambiwa kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa. Maneno haya yanatokana na yale wanayoyaona watu: fulani alikwenda hospitali na uvimbe, akakatwa, miezi michache baadaye akafariki. Lakini yule alikwenda na uvimbe wa miezi minane, uliokwisha kujiotesha mishipa yake na kutuma seli shingoni. Kile kinyama kidogo kinachokatwa kinywani ndicho kinachomwambia daktari kama ni saratani au si saratani, na ya aina gani, na bila ya jibu hilo hakuna mionzi wala dawa inayoweza kupangwa. Vidonda vingi vinavyopimwa hukutwa si saratani kabisa, mtu akarudi nyumbani na dawa ya fangasi au akalinganishiwa jino lenye ncha lililokuwa likimchoma.

Cha kuogopwa ni kisu kisichojua kinakata nini. Usikubali kuchanjwa chale juu ya uvimbe wa shingo, wala kuchomwa kwa chuma, wala kupakwa dawa ya kuubabua. Hali kadhalika hijama: mwenye kuifahamu kazi yake hawezi kuweka chuku juu ya kinundu kisichojulikana. Tumekwishaeleza kuwa mishipa iliyo ndani ya uvimbe ni mibovu, na ikichanwa huweza kutoa damu isiyozuilika kwa urahisi, na kidonda kipya hapo juu huuita mwili ulete vile vile vichocheo vya kupona ambavyo uvimbe unavitamani.

Badala yake, tazama. Kinywa ni katika sehemu chache ambazo mtu anaweza kuiona saratani kwa macho yake ikiwa bado changa. Unaposukutua wakati wa kutia udhu, mara kadhaa kwa siku, ulimi wako unapita kila pembe. Ukikuta mahali pamekwaruza, pamekuwa pagumu au pamevimba, usipite tu. Mara moja kwa mwezi simama mlangoni penye mwanga, na kioo. Inua ulimi utazame chini yake na pembeni, vuta mashavu, vuta mdomo wa chini. Unatafuta kidonda, baka jeupe lisilofutika, na zaidi baka jekundu, ambalo ni la hatari kuliko jeupe. Papasa shingo pande zote mbili. Sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu bila mafua, chakula kinachokwama, pua inayotoka damu upande mmoja, navyo vina hukumu hiyo hiyo. Wenye meno ya bandia wayavue kwanza.

Ukiona kitu, chukua kalamu uandike tarehe kwenye kalenda iliyopo ukutani. Kama ni kidonda cha kawaida, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu kitafunga kabla hujageuza ukurasa. Zikitimia wiki tatu kingali wazi, hata kama hakiumi, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, nenda kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, au kwa daktari wa masikio, pua na koo, na useme maneno haya: "Nina kidonda mdomoni, leo ni wiki ya tatu hakijafunga, nataka kipimwe." Ukipewa dawa ya kusukutua ukaambiwa urudi, uliza urudi lini, na siku hiyo irudie. Ikibainika kuwa ni saratani, utapelekwa kwenye hospitali kubwa yenye mionzi, kama Ocean Road iliyopo Dar es Salaam au Bugando iliyopo Mwanza. Kabla ya mionzi kuanza, hakikisha meno mabovu yameng'olewa au yametibiwa, kwani taya lililokwishapigwa mionzi hupoteza vishipa vyake vizuri, na tundu la jino lililong'olewa baada ya hapo huweza kukataa kufunga.